Miaka Minane ya Elkanah Wragg Bungeni

Mchungaji Tillery, wazee wa kanisa hili la Mlima Nebo, wabunge wawili wenzake marehemu mliosafiri kwa treni tangu jana, wanachama wa Chama cha Kuzikana, majirani, jamaa, na wewe Bwana Wickliffe uliyekaa benchi la nyuma kabisa na penseli mkononi, nawasalimu nyote kwa niaba ya familia. Mimi ni Keturah, mtoto wa sita wa marehemu, mwalimu wa shule ya watoto weusi hapa Bellfield kwa miaka tisa sasa, na kazi hii ya kuwasomea maisha ya baba yetu ilikuwa ya kaka yangu Jotham, lakini Jotham amekiri mbele ya mama kwamba akiishika karatasi hii atalia kabla ya mstari wa pili, kwa hiyo imekuja kwangu.

Kabla sijaanza, ni haki yenu kujua ninasoma nikiwa katika hali gani. Juzi Jumatatu Bwana Lathrop Pettus, mwenyekiti wa bodi ya shule, alikuja nyumbani kwetu akiwa na paja la nguruwe la kufariji wafiwa, akasimama kwenye ngazi bila kuvua kofia, akaniambia, "Keturah, wewe wasomee watu habari za mapipa. Anko Kana, baba yako, alikuwa fundi hodari, hakuna anayebisha. Hayo mambo ya Columbia yaache yalale. Bodi inakaa Jumanne ijayo, na mimi nisingependa tukujadili." Nikamshukuru kwa nyama. Alipoondoka nikamuuliza mama nifanye nini, naye hakuinua hata macho kwenye sufuria, akasema, "Soma yote. Ukiruka mstari mmoja tu, ukirudi nyumbani usinisalimie." Bwana Pettus namwogopa, sitawadanganya, na kazi yangu naipenda, nina watoto tisini na wanne kwenye chumba kimoja na sitaki kuwaacha, lakini mama yangu yupo hapa benchi la mbele na nyote mnamjua, kwa hiyo nitasoma yote.

Marehemu Elkanah Wragg alizaliwa mwaka 1831 katika shamba la mpunga la Wragg, ng'ambo ya mto Santerre, akiwa mtoto wa nne wa Cuffee, mchimba mifereji, na Hagar, mpepeta mpunga, ambao wote wawili walifia katika shamba hilo na makaburi yao hayana alama. Siku na mwezi wa kuzaliwa kwake havijulikani, kwa sababu katika daftari la shamba aliandikwa kati ya ndama wawili na nyumbu mmoja, na ndama waliandikiwa tarehe, yeye hakuandikiwa. Baadaye alijichagulia mwenyewe siku ya kuzaliwa, tarehe 22 Novemba, na kwa nini aliichagua hiyo mtasikia, maana ipo ndani ya yale niliyokatazwa.

Kuhusu elimu, marehemu hakuwahi kuandikishwa shule yoyote, kwa kuwa enzi hizo kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai katika jimbo hili la Karolina Kusini, lakini alipofika miaka tisa alipelekwa karakana ya mapipa chini ya mzee Mingo, na huko, kwa kuchoma alama za wanunuzi kwenye vifuniko vya mapipa kwa chuma cha moto, alizijua herufi kumi na moja kabla hajaambiwa kwamba zile ni herufi. Mwaka 1863 alivuka mto kwa mtumbwi akajiunga na kikosi cha askari weusi wa jeshi la Kaskazini lililopigana na mabwana wa watumwa, akatumikia hadi Februari 1866, akatoka na cheo cha sajini na risasi moja kwenye paja la kushoto ambayo leo tunamzika nayo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1865, kambini, akiwa na miaka thelathini na minne, alikaa kwenye sakafu ya ghala la mpunga mbele ya mwalimu kutoka Massachusetts, Bi Orpah Lunt, akazipata herufi zilizobaki, na baada ya miezi minne alikuwa anasoma gazeti kwa sauti kubwa, kiasi kwamba askari wenzake walimwomba apunguze.

Ndoa yake na mama yetu, Tamar, aliyetoka naye kwenye mtumbwi uleule, ilifungwa mbele ya kasisi wa jeshi tarehe 9 Machi 1866, ingawa walikuwa wameishi pamoja tangu 1855, na mama hupenda kusema kwamba siku ile kasisi alimuuliza kama anamkubali mwanamume huyu, naye akamjibu, "Baba Mchungaji, umechelewa miaka kumi na moja." Mungu aliwajalia watoto saba, wanne wametangulia mbele ya haki, na waliobaki ni kaka yangu Jotham anayeendesha karakana, mimi, na mdogo wangu Zilpah aliyekuja kutoka Savannah na mtoto mchanga, yule tuliyempitisha juu ya jeneza asubuhi hii, kama desturi yetu ilivyo ili roho ya marehemu isimsumbue, na akapiga chafya mara mbili, kama babu yake alivyokuwa akifanya mbele ya wakubwa.

Kwa kazi, marehemu alikuwa fundi wa mapipa, na hapa Bwana Pettus atafurahi, kwa sababu ni kweli tupu. Alifungua karakana yake kando ya barabara ya mto mwezi Mei 1866, akatengeneza mapipa ya mpunga, ya lami na ya samaki wa chumvi kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu wa kaunti hii, mweupe wala mweusi, aliyewahi kurudisha pipa la Elkanah Wragg kwa kuvuja. Gazeti la Bellfield la juzi limeandika kuhusu baba yangu mistari mitatu, likasema alikuwa fundi mzee, mpole, aliyejua nafasi yake. Nafasi yake alikuwa anaijua, tena kwa namba. Ilikuwa kiti cha thelathini na mbili, safu ya tatu, upande wa kulia, katika Bunge la jimbo hili mjini Columbia.

Oktoba 1870 wananchi wa kaunti ya Santerre walimchagua Elkanah Wragg kuwa mbunge wao, na tarehe 22 Novemba mwaka huo, siku ya Jumanne, aliweka mkono juu ya Biblia akaapishwa, na jioni alimwandikia mama barua akasema, "Leo kuna mtu ameandika jina langu na tarehe kwenye mstari mmoja, basi hii ndiyo siku niliyozaliwa." Alichaguliwa tena mwaka 1872 na mwaka 1874. Daraja mlilopita asubuhi hii mkija msibani liliombwa naye bungeni, shule ninayofundisha ilijengwa kwa hoja aliyoitoa Februari 1873, na hakuomba daraja la weusi peke yao. Bwana Pettus, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye kinu kipya cha mbao upande wa pili wa mto, alimwandikia barua ya kumsihi daraja lisogezwe lipite karibu na kinu chake, na barua hiyo tunayo, imo kabatini kwa mama, imeanza na maneno "Kwa Mheshimiwa E. Wragg, Mbunge," na imemalizika kwa "mtumishi wako mnyenyekevu." Miaka ile hakuwa Anko. Uanko ulikuja baadaye, walipotafuta neno la kumwita mtu mzima bila kumwita Bwana.

Mwaka 1876 ndipo walipokuja Mashati Mekundu, wale wazungu wenye silaha waliotisha watu weusi wasipige kura. Ilikuwa Septemba, saa sita mchana, wapanda farasi kumi na tisa, wakaizunguka karakana na bunduki zao mapajani, wakamtaka aandike kwamba hagombei tena. Marehemu alikuwa ameshika pete ya chuma iliyopata moto, akawaambia wangoje aivishe pipa kwanza kwa sababu ikipoa itaharibika, nao kwa mshangao wangu hadi leo wakangoja, watu kumi na tisa wenye silaha wakimtazama mtu akizunguka pipa na nyundo. Mama akatoka nje na mwiko. Akawaambia, "Nyie, huyo wa mwisho mwenye farasi wa kijivu, wewe si mtoto wa Bi Adeline? Nimekunyonyesha mimi. Shuka hapo kabla sijakuaibisha mbele ya wenzako!" Hakushuka, lakini aligeuza farasi, na watatu wakamfuata, na baba akawaambia waliobaki kwamba anagombea. Aligombea. Siku ya uchaguzi sanduku la kura la kituo chetu lilipotea njiani kati ya hapa na mahakamani, mwendo wa maili moja na nusu, na halijaonekana mpaka leo.

Alirudi bungeni Novemba 1880, kwa kura ambazo safari hii watu wetu walizilinda kwa kutembea kando ya gari lililobeba sanduku, watu mia mbili mguu kwa mguu. Miaka sita na miwili ni minane, na hesabu hiyo sijaikuza wala sijaipunguza.

Sasa nafika mahali ambapo baba mwenyewe asingependa nipaharakishe. Mwaka 1882 ilitungwa ile Sheria ya Masanduku Manane, mnaikumbuka, gavana sanduku lake, Kongresi lake, bunge lake, hivyo hivyo hadi nane, na karatasi ikitumbukia kwenye sanduku lisilo lake inatupwa, na maandishi yapo juu ya sanduku kwa anayejua kusoma, na asiyejua amwombe msimamizi amsomee, naye msimamizi asome anavyotaka. Marehemu alifikiri wiki nzima. Kisha akatengeneza vipipa vinane, akavipanga katika njia hii hii ya katikati ya kanisa, na kwa Jumapili sita mfululizo, baada ya ibada, alimpitisha kila mpiga kura wa kituo hiki, kipipa cha kwanza gavana, cha pili naibu wake, cha tatu Kongresi, mpaka watu wakaweza kwenda wamefumba macho. Tulicheka sana Jumapili zile. Mzee Shadrack Bynum, huyo hapo benchi la kulia, alikuwa kila akifika kipipa cha tano anatumbukiza karatasi na kuinama kunusa, akisema, "Hiki kilikuwa cha samaki, Kana. Mbona unamchagua samaki awe wakili wa kaunti?"

Tarehe 7 Novemba 1882, siku ya Jumanne, kituo kilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, masanduku yakiwa kwa mpangilio uleule, na watu hamsini wa kwanza walipiga kura wakatoka wanatabasamu. Saa mbili wasimamizi wakafunga mlango, wakasema wanafagia. Walipoufungua, masanduku yalikuwa yamehamishwa yote. Watu wetu waliingia mmoja mmoja, wakahesabu kama walivyofundishwa, wakatumbukiza kwa fahari, na ndani hairuhusiwi kusemezana, na waliogundua walikuwa wachache waliojua kusoma. Kura mia tatu na arobaini zilipigwa na watu wetu, mia mbili themanini na nane zikatupwa, na marehemu alishindwa kwa kura sabini na moja.

Jioni watu walijaa karakana wakiwa na hasira, na wengine walikuwa wameshashika vitu mkononi. Baba akapanda juu ya pipa, akasema, "Kosa ni langu." Mzee Shadrack akamkatiza, "Kana, acha hizo! Wezi ni wale, wewe umeiba nini?" Naye akajibu, "Wezi ni wale, ndiyo. Lakini mimi niliwafundisha kuhesabu, wakati nilitakiwa kuwafundisha kusoma. Niliona kusoma kutachukua muda mrefu. Niliona nyie ni watu wazima, mmechoka, hamtaweza. Niliwadharau, jamani, na ninaomba radhi." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama karibu na mlango, na sijapata kumwona mbunge mwingine yeyote, kabla ya hapo wala baada ya hapo, akiwaomba radhi watu waliomchagua.

Jumapili iliyofuata alivirudisha vile vipipa vinane kanisani, akavigeuza vikawa viti, na darasa likaanza. Kwa miaka kumi na minne, kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, na siku za mvua ambapo mtu hawezi kulima, marehemu alifundisha watu wazima kusoma, na kwa hesabu yake mwenyewe waliohitimu, yaani waliosoma ukurasa wowote aliowafungulia, ni watu mia mbili na kumi na mmoja. Mzee Shadrack alihitimu mwaka 1885 akiwa na miaka sitini na moja, na alipoliona jina lake limeandikwa kwa mara ya kwanza alinung'unika, "Ndilo hili? Mbona fupi hivyo? Mke wangu akiniita linafika mpaka mtoni."

Kuhusu ugonjwa na kifo chake, mnajua kwamba katiba mpya ya mwaka 1895 imetaka kila mtu ajiandikishe upya, na asome kifungu cha katiba hiyo mbele ya mwandikishaji, ama asomewe akieleze. Marehemu alienda mahakamani tarehe 1 Machi mwaka huu, na tarehe 2, na tarehe 3, siku tatu kwa mvua, akiwa na miaka sitini na sita, kwa sababu kila walipofika watu weusi dirisha lilikuwa linafungwa. Siku ya tatu likasahaulika wazi. Akapewa kifungu kimoja asome, akakisoma, kisha akaendelea na cha pili, na cha tatu, kwa ile sauti yake ya ghala la mpunga, mpaka mwandikishaji aliyekuwa na njaa akampigia meza, "Basi, Anko, basi! Nimesikia, mji mzima umesikia. Kazi yako?" Akasema, "Fundi wa mapipa, na mbunge mstaafu wa kaunti hii." Mwandikishaji akaandika fundi wa mapipa. Baba akamwomba aandike na la pili, akamjibu kwamba hakuna nafasi, na Jotham aliyekuwa pembeni anasema nafasi ilikuwepo ya kulaza paka. Alirudi na cheti chake ndani ya kofia, kikavu, na yeye ameloa. Siku mbili baadaye ilimshika homa ya mapafu, na Jumapili tarehe 14 Machi 1897, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mama, alifariki dunia. Nimelia, na nitalia tena nikishamaliza kusoma.

Familia inamshukuru Daktari Josephus Lyle aliyesafiri maili kumi na nane juu ya nyumbu mara tatu kwa wiki moja, inawashukuru majirani kwa wali na kunde na kwa kutomwachia mama hata dakika moja ya upweke, japo yeye anasema mmezidi, inakishukuru Chama cha Kuzikana kwa jeneza, na Jotham kwa kulikagua, inamshukuru Mchungaji Tillery ambaye alijua nitasoma nini na hakuninyang'anya karatasi, na wabunge wenzake wawili waliovaa leo makoti yaleyale ya mwaka 1870. Tunamshukuru pia Bwana Pettus kwa paja la nguruwe, chumvi ilizidi lakini limeliwa lote.

Mwisho naomba niseme na wewe, Bwana Wickliffe, karani wa bodi, maana nimekuona umeandika kurasa mbili na penseli imekwisha ncha. Usihangaike. Nimenakili haya yote kwa mwandiko wa darasani, nimetia sahihi, nitakukabidhi mlangoni, mpelekee mwenyekiti. Mwambie sitajiuzulu. Mwambie najua, kama anavyojua yeye, kwamba bodi haiwezi kumwondoa mwalimu bila kuandika sababu ndani ya kitabu chake cha vikao, kwa wino, na wajumbe wote watano watie sahihi. Nimekisoma kitabu hicho chote, Bwana Wickliffe, mwaka hadi mwaka, na jina la baba yangu halimo hata mahali pamoja, wala kwenye hoja ya shule aliyoitoa yeye. Basi Jumanne ijayo mliandike. Andikeni kwamba Keturah Wragg ameondolewa kazini kwa kuwa alisimama mbele ya watu akasema baba yake, Elkanah Wragg, alikuwa mbunge wa kaunti ya Santerre kwa miaka minane. Mwaka muuanze na 1870, na jina lake herufi ni saba, mkikwama mpeni mzee Shadrack awaandikie.

Mheshimiwa Elkanah Wragg, Mbunge, baba yangu, lala kwa amani.